Daftari la Pande Mbili

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Nimemwona mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba mlango akiomba aruhusiwe kurudi nyumbani mapema, kwa sababu nyumba yake haina mlango. Nimemsikia shahidi akiapa kwamba hajamwona mshtakiwa tangu azaliwe, kisha akamwomba mshtakiwa huyohuyo amshikie kofia. Miaka ishirini na miwili nimevaa magwanda ya Serikali, na saba ya mwisho nimesimama katika mahakama ya Kwale kama mwendesha mashtaka wa polisi. Basi nyinyi vijana mlioachiwa kiti changu, mkiyasoma haya mjue hayaandikwi na mtu wa kubabaika.

Vyeo na mshahara sivitaji. Vyeo nimevirudisha stoo pamoja na buti, na mshahara mnaujua, kwa kuwa na nyinyi mnalalamika.

Shule nilisoma madarasa mawili na nusu. Ile nusu alinikatiza mwalimu, sikujikatiza mwenyewe. Kabla ya hapo Maalim wetu wa chuoni, pale Msambweni, alinifundisha herufi za Kiarabu kwa msaada wa bakora, nami nikazishika kuliko wenzangu wote. Mpaka leo Kiswahili changu nakiandika kwa hati hiyo, kutoka kulia kwenda kushoto, mbio kama mtu anayekimbia mvua. Herufi za Kizungu nilijifundisha mwenyewe kwenye magunia ya sukari kule Ramisi, nilikokwenda kupakia mizigo nikiwa sijaota ndevu. Nilijua kusoma uzito wa gunia kabla sijajua kusoma jina langu. Nionyesheni mwingine aliyeanzia kwenye gunia akaishia mbele ya Hakimu, nami nitamvulia kofia.

Siku yangu ya kwanza ya uaskari niliipanda Kwale na shuka moja nyepesi, mtoto wa pwani asiyejua kwamba mlimani kuna ukungu wa kulowesha nguo. Nikapewa kulinda chumba cha stoo. Nililinda siku tatu bila kusinzia. Siku ya nne wakafungua, nikaona chumba ni kitupu, kimekuwa kitupu tangu mwanzo. Nikamwambia koplo, "Angalau hakikuibwa kitu." Alicheka mpaka akaketi chini, na tangu siku hiyo nikajulikana.

Mahakamani niliingia kwa sababu wakubwa wengi walipelekwa bara kwa mambo ya huko, na aliyebaki mwenye sauti ya kufika mlangoni nilikuwa mimi. Siku ya kwanza nilisimama, nikanyoosha magwanda, nikasema, "Bwana Hakimu, mshtakiwa huyu ni mwizi." Hakimu, Mzungu mrefu aliyezoea kuandika bila kuinua kichwa, akainua kichwa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kupimapima, "Sajini, kama wewe umekwisha kujua, mimi nimekuja kufanya nini?"

Aliyeniokoa ni Mzee Mbwana, karani na mkalimani wa mahakama, mtu wa Gasi, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. Jioni ile aliniita barazani.

"Mwanangu, wewe ni mpakizi wa Ramisi, sivyo?"

"Nilikuwa, mzee wangu."

"Bado ni mpakizi. Ushahidi ni mzigo. Unautoa ulikoukuta, unautua mezani pa Hakimu. Ukikuta magunia kumi, utue kumi. Ukitua tisa, hata kama lile la kumi lina siafu, utaitwa nani?"

"Mwizi."

"Ahaa. Basi usiwe na haraka ya kuwaita wengine."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya sheria. Wengine wameyafuata ng'ambo kwa meli.

Kazi tuliifanya hivi. Nilikuwa na daftari moja gumu la jalada jekundu, nilikwenda nalo kila mahali. Maneno ya mashahidi niliyaandika kwa hati yangu ya chuoni, kuanzia kulia. Jioni nilimsomea Mzee Mbwana, naye akiyapiga taipu kwa herufi za Kizungu: nakala ya jalada letu, na kama mshtakiwa ana wakili, nakala ya wakili. Kila neno, la kutufaa na la kutuumiza. Sheria haikutulazimisha kiasi hicho, lakini Mzee Mbwana alikuwa akilazimisha, naye alikuwa karibu kuliko sheria. Mwanzoni iliniuma. Nilimwambia, "Mzee, huku ni kumpa adui upanga." Akaendelea kupiga taipu. "Kama kesi yako inakufa kwa karatasi moja," akasema, "basi ilikwisha kufa. Wewe unaibeba tu."

Kwa mwendo huo nilishinda kesi nyingi. Nasema ukweli, sijisifu: ilifika wakati washtakiwa wakisikia ni mimi wanakiri mlangoni.

Sasa nije kwenye kesi ya nazi za Nassoro.

Nassoro alikuwa kijana wa Msambweni, fundi wa kuezeka, mtaratibu. Katika mwezi wa Ramadhani alikamatwa akisukuma baiskeli yenye nazi sitini, nazi kavu na makumbi yake, akitoka katika shamba la Bwana Seif. Bwana Seif alilinunua shamba lile kwa mjomba wake Nassoro, na karatasi anayo. Nassoro anasema nazi amezitoa katika minazi minne iliyo yake na ndugu zake, wamemruhusu aangue kwa ajili ya wali wa harusi yake. Harusi ilikuwa imewekwa Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Posa imekwisha, mahari imetolewa, na mkwe mtarajiwa alikuwa mtu wa kusoma dalili katika kila jambo. Alituma neno kwamba binti yake hataolewa na mfungwa wala aliyewahi kuwa mfungwa. Kwa hiyo kilichokuwa kizimbani si nazi sitini. Alikuwa mke.

Wageni wetu wa bara huwa hawaelewi, kwa hiyo nieleze. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Babu hupanda, akampa mjukuu mti, na mti ukamfuata mjukuu hata shamba likiuzwa. Lakini lazima awepo wa kusema. Mama yake Nassoro alikwisha kufariki, na mjomba mtu naye alikwisha kufariki. Nassoro alikuwa na neno la mama yake tu.

Miezi ile Mzee Mbwana alikuwa mgonjwa Mombasa. Tulipewa karani wa muda, kijana mpole kutoka bara, anayejua herufi za Kizungu peke yake. Kwa ajili yake nikawa naandika kwa herufi hizo, polepole, ulimi nje, kuanzia upande wa kushoto wa daftari. Nilishuka Msambweni kuuliza majirani. Wengi hawakujua kitu. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja, Bi Mwanakombo, mkunga aliyeacha kazi akahamia kisiwani Funzi. Siku ile alikuwa amekuja kumtazama binti yake, nami nilimkuta anakaanga mahamri, jua linakaribia kuzama, tumbo langu linanisomea mashtaka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Simama upande wa huku, unanizuia upepo."

Akanieleza yote, macho kwenye karai. Kwamba babu yake Nassoro kila mtoto wa binti yake alipozaliwa alimpa mnazi, na kitovu cha mtoto kikazikwa shinani. Watoto wanne, minazi minne. Aliyevizika ni yeye. Na siku mjomba alipouza shamba, Bi Mwanakombo alikuwepo uani, akamsikia akimwambia Bwana Seif, "Minne ile si yangu, nayo sikuuzii."

Alikuwa anasema haraka, na mimi akili ilikuwa kwenye tende za kufuturu. Nikaligeuza daftari, nikaandika kwa hati yangu ya chuoni, kutoka kulia, nia yangu kuyahamisha kesho yake kwa herufi za karani. Adhana ikalia. Nikafuturu mahamri matano. Kesho yake sikuyahamisha, wala kesho kutwa. Idd ikaingia, ikapita. Nilisahau, na nitawaambieni jambo nisilomwambia mtu: kichwa husahau kwa urahisi zaidi yale yasiyokifurahisha.

Kesi ikasikizwa. Nilitoa karatasi ya Bwana Seif, nikatoa baiskeli, nikatoa nazi. Wakili wa Nassoro alikuwa Bwana Ratilal wa Mombasa, mfupi, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Hakimu akamuuliza kama ana shahidi. Akasimama, akafunua karatasi tulizompa, akazifunua tena. "Hakuna, Bwana Hakimu." Hukumu ikawekwa wiki mbili mbele, siku nane kabla ya harusi.

Nilipotoka nilikwenda kwa Bakari muuza kahawa, mkabala na mahakama, kifua kiko mbele. Bakari akaniuliza, "Sajini, kijana wa watu umemmaliza?"

"Nimemmaliza na baiskeli yake."

"Na ukishindwa?"

Watu walikuwa wengi barazani. Nikasema, na maneno ni yangu, siyakani: "Nikishindwa kesi hii, kahawa na halua ni juu yangu kwa Kwale nzima, toka mahakamani mpaka msikitini, na mgeni atakayepita."

Bakari akafuta kikombe. "Mmesikia," akawaambia waliokuwepo.

Wiki ile ile Mzee Mbwana akarudi, amekonda zaidi, uzi wa miwani mpya. Akataka kuona kazi zote zilizopita mikononi mwa karani wa muda. Nikampa daftari langu kwa furaha, asome jinsi nilivyofanya kazi bila yeye. Alilipokea, akalifungua kama mtu yeyote wa kwetu anavyofungua kitabu, upande wa kulia. Akasoma. Akavua miwani, akaivaa.

"Na hii ya Bi Mwanakombo," akasema, "nakala yake iko wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka mahamri matano. Tukamwita karani wa muda. Kijana wa watu akaja mbio.

"Mwanangu, kurasa hizi hukuziona?"

"Niliziona, mzee."

"Mbona hukumwuliza Sajini?"

"Nilidhani ni sala za Sajini," akasema. "Nikaona si adabu kuzichungulia. Nikalifunga taratibu."

Kosa kama lile si la mvivu. Kijana alifanya adabu, nami nilifanya njaa, na katikati ya adabu na njaa mtu alikuwa anakwenda jela. Karani akatoka. Mzee Mbwana akanisogezea daftari.

"Gunia la kumi," akasema.

"Mzee, kesi imekwisha. Imebaki hukumu tu."

"Mzigo haujui kwamba meli imekwisha kung'oa nanga. Umebaki gatini, na jina lako liko juu yake."

"Na wakili? Yeye hana miguu ya kwenda kuwauliza wazee?"

"Angemuuliza nani, ikiwa anayejua alikwisha kuiambia Serikali? Serikali ni nani pale, mwanangu? Si wewe, mwenye mahamri?"

Nilizunguka ua wa mahakama mara mbili. Niliwaza kesi zangu zote nilizoshinda mfululizo. Nikamwaza Bakari na kikombe chake. Nikamwaza yule kijana aliyeangua nazi zake mwenyewe kwa harusi yake mwenyewe, akiozea rumande kwa sababu mimi nilikuwa nawaza tende. Kisha nikaenda kwa Inspekta kumwomba ruhusa ya kumpelekea wakili karatasi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Alinitazama kama niliyeomba ruhusa ya kupumua, akasema, "Bado hujaondoka?"

Mzee Mbwana akapiga taipu papo hapo, nakala mbili. Nikapanda basi mpaka Likoni, nikavuka kivuko, nikaingia ofisini kwa Bwana Ratilal na magwanda yangu kamili. Karani wake akakimbilia chumba cha ndani.

Bwana Ratilal akatoka akijifunga tai. "Sajini, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Nimekuletea mzigo wako. Umechelewa, na uliouchelewesha ni mkono wangu." Nikamwekea karatasi mezani, na daftari kando yake ili alinganishe.

Akaisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili ameketi. Akaligeuza daftari huku na huku, herufi zile hazijui. "Huu ni mtego?" akauliza.

"Ningetaka kukutega nisingelipa nauli."

Akaanza kucheka, mtu yule mfupi, mpaka mkoba ukaanguka. "Miaka yote hii polisi wakija hapa wananiletea matatizo ya wateja wangu," akasema. "Leo nimeletewa dawa yao. Sajini, keti unywe chai." Nikanywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Hakimu akaifungua kesi upya. Nilipokwenda Funzi kumpelekea Bi Mwanakombo wito wa mahakama, aliniona tangu ufukweni akanisubiri mikono kiunoni.

"Si nilikwisha kukwambia?"

"Uliniambia, Bi Mkubwa."

"Sasa unataka nini? Ulikuwa umelala?"

"Inatakiwa umwambie na Hakimu."

"Ajabu ya Serikali. Ina mikono mingi na sikio moja." Lakini akavaa buibui lake jipya akaja.

Siku ya mahakama watu walijaa mpaka madirishani. Bi Mwanakombo akasema yale yale neno kwa neno, na Mzee Mbwana akatafsiri. Kisha ikawa zamu yangu, kwa kuwa mwendesha mashtaka nilikuwa bado ni mimi, na mzigo wa Bwana Seif nao ilikuwa haki yake ubebwe vizuri. Nikasimama kwa sauti yangu ile ya mlangoni.

"Bi Mkubwa, umezalisha watoto wengi. Miaka imepita. Utajuaje kitovu kipi kiko mti upi?"

Akanitazama toka buti mpaka kofia. "Wewe si mtoto wa Mwanaisha, mjukuu wa Bi Kache, nyumba ya karibu na kisima?"

"Ndiye."

"Chako nilikizika mimi, nyuma ya jiko la nyanyako, kwenye mnazi uliopinda. Ulizaliwa unapiga kelele, na naona hujanyamaza. Nikupeleke nikuonyeshe?"

Mimi, ambaye hakuna jambo la kunishangaza, nilikaa chini. Siku ile kwenye mahamri alikwisha kunitambua, akaona hakuna haja ya kusema. Mzee Mbwana akatafsiri yote kwa sauti iliyonyooka, mpaka na lile la kelele, na Hakimu akaandika. Nina hakika aliliandika, maana kalamu ilikwenda muda mrefu na mabega yalikuwa yanatikisika.

Kisha Hakimu akachukua karatasi ya Bwana Seif, ile ile niliyoitoa mimi kwa majivuno, akasoma kwamba shamba liliuzwa na minazi mia moja na kumi na sita. Akaniuliza, "Sajini, shambani kuna mingapi?"

Sikujua. Mpakizi mzima wa Ramisi, sikuhesabu magunia.

Tukateremka sote Msambweni, Hakimu na kofia yake pana, Bwana Seif, wakili na mkoba, Nassoro na askari wake. Tukahesabu, tukifunga ukanda wa ukili kwenye kila mnazi uliohesabiwa. Mia moja na ishirini. Hakimu akauliza kama minne haikuota baada ya mauzo. Bi Mwanakombo alikwenda akasimama chini ya mmoja, akataja jina la dada mkubwa, kisha wa pili, wa tatu, wa nne akasema, "Nassoro." Ilikuwa mirefu kuliko yote inayoizunguka. Bwana Seif, ambaye si mtu mbaya, aliinua uso akaitazama, akasema, "Nakumbuka sasa. Aliniambia. Nami nilikuwa nahesabu fedha, sikusikiliza vizuri." Mimi namwamini. Kila mmoja alikuwa na tende zake.

Nassoro akaachiliwa palepale, chini ya mti wake. Nazi zake nilimrudishia mwenyewe kutoka stoo, ile stoo niliyoilinda ikiwa tupu. Miezi ile zilikuwa zimeanza kuchipua. Mbili alizipanda, nyingine zikaingia kwenye wali. Harusi nilialikwa, nikakaa mkeka wa mbele, na baba mkwe akawa anawaonyesha watu, "Yule ndiye aliyemshtaki mkwe wangu," kwa fahari utadhani nimetoa mahari.

Kwa hiyo, vijana, daftari lifungueni pande zote mbili, na kila mlichokikuta kitueni mezani, na wakili apate chake siku hiyohiyo. Msiponiamini mimi, nendeni Funzi mkaulize.

Lakini kabla ya harusi ilikuwapo siku ya Kwale. Bakari alifungua tangu alasiri, na watu walipanga mstari toka mahakamani mpaka msikitini, kama nilivyosema mwenyewe. Inspekta alikuja. Bwana Ratilal alichelewesha safari yake. Karani wa muda alikula halua mpaka akasahau bara, na Bi Mwanakombo akafungiwa ratili mbili za kupeleka kisiwani. Hakimu alitumiwa kikombe chake ofisini, na kikombe hakikurudi. Bakari alikuwa ametia alama kila kahawa kwa mkaa ukutani, tano tano, na mimi, kwa mara hii, nilihesabu. Kahawa vikombe mia moja arobaini na vitatu kwa senti tano. Halua ratili kumi na mbili kwa shilingi moja na nusu. Kikombe cha Hakimu senti arobaini, na hapo Bakari alikataa kabisa kupunguza. Jumla, shilingi ishirini na tano na senti hamsini na tano.